Java inapokosea hesabu za korosho: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Ukiandika programu ya Java ya kupokea korosho kwenye ghala la chama cha msingi, iwe Tandahimba, Masasi au Nachingwea, karibu hesabu yote inabebwa na alama tano: `+`, `-`, `*` (kuzidisha), `/` (kugawa) na `%` (baki ya kugawa). Alama hizi kila mtu anazijua tangu shule ya msingi, na ndiyo maana makosa yake hukaa muda mrefu bila kuonekana. Mara nyingi kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako, hainung'uniki, programu haizimi, stakabadhi inachapwa vizuri, ila mkulima amepunjwa au chama kimelipa zaidi.

Kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, shika jambo moja, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi ya matatizo haya. Java hupanga hesabu kwa kutazama aina za namba zilizo kulia na kushoto kwa alama. Haitazami jibu linakwenda kuhifadhiwa wapi. Pande zote mbili zikiwa `int` (namba nzima), jibu ni `int`, hata kama umeandaa `double` (namba yenye desimali) au `long` (namba nzima yenye nafasi kubwa zaidi) ya kulipokea. Kwa hiyo jibu likikushangaza, usianze kusoma mstari kuanzia kushoto. Anzia kwenye alama yenyewe, ujiulize: huyu wa kushoto ni aina gani, na huyu wa kulia?

Kifaa cha kupimia tayari unacho. Kuanzia Java 9, JDK (kifurushi cha zana za kuandikia Java) inakuja na `jshell`. Fungua dirisha la amri, andika `jshell`, kisha andika hesabu moja na ubonyeze Enter. Haihitaji intaneti, jambo linalofaa sana kwa aliye kijijini ambako mtandao unakuja na kuondoka. Karibu kila mfano ulio hapa unaweza kuujaribu humo.

Mifano yetu inatumia mkulima mwenye kilo 1,247, gunia la kilo 80, na bei ya shilingi 2,150 kwa kilo. Bei hiyo ni ya mfano tu, si ya mnada wowote.

## Makato yanatoka sifuri, au wastani umekatwa

Mstari unaoleta shida kwa kawaida ni huu:

```java
int makato = kilo * (5 / 100);
```

Jibu ni 0 kwa kila mkulima. Ndani ya mabano kuna 5 na 100, zote `int`, na 5 kugawa kwa 100 katika namba nzima ni sifuri. Java haikadirii kwenda juu. Inakata sehemu ya desimali na kuitupa. Ukishazidisha kilo kwa sifuri, hakuna cha kuokoa.

Tiba ya haraka ni kuzidisha kwanza, kugawa mwisho:

```java
int makato = kilo * 5 / 100;   // 1247 * 5 = 6235, kugawa 100 = 62
```

Mpangilio una uzito. Ukiandika `kilo / 100 * 5` unapata 60 badala ya 62, kwa sababu 1247 / 100 imeshakuwa 12 kabla ya kuzidishwa. Kilo mbili kwa mkulima mmoja zinaonekana kidogo. Zipige kwa orodha nzima ya wanachama uone.

Wastani nao una mtego wake:

```java
int jumla = 321, magunia = 4;
double wastani = jumla / magunia;      // 80.0
double wastani2 = (double) jumla / magunia;  // 80.25
```

Mstari wa pili unadanganya kwa sababu neno `double` liko upande wa kupokea. Hesabu imeshakamilika kwa `int`, jibu likawa 80, ndipo likavalishwa `.0`. Kwenye mstari wa tatu tumegeuza `jumla` kuwa `double` kabla ya kugawa, na upande mmoja ukiwa `double` mwingine unafuata. Angalia pia mahali unapoweka mabano: `(double) (jumla / magunia)` inarudisha 80.0, maana umegeuza jibu lililokwisha kukatwa.

Hivyo hivyo kwa `Math.ceil(kilo / 80)`. Watu hutarajia 16, wanapata 15.0. Mgawanyo umekata kabla `Math.ceil` haijaona kitu.

Hata hivyo, kukata huku si ubaya wakati wote. Ukitaka kujua magunia yaliyojaa na kilo zinazobaki, `/` na `%` ya namba nzima ndiyo hasa unayoihitaji: `1247 / 80` ni 15, `1247 % 80` ni 47. Magunia 15 yamejaa, kilo 47 zinaingia gunia la kumi na sita. Ukitaka idadi ya magunia ya kuandaa, usitumie `kilo / 80 + 1`, kwa sababu mkulima mwenye kilo 1,200 kamili ataandikiwa magunia 16 wakati ni 15. Tumia:

```java
int magunia = (kilo + 79) / 80;
```

## Jumla ya fedha imekuwa hasi

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote kwenye hesabu za chama, na tunaliwekea nafasi kubwa kwa makusudi.

`int` ya Java ina biti 32. Inaanzia −2,147,483,648 na kuishia 2,147,483,647. Ikipita hapo haisimami wala haitoi onyo. Inazunguka na kuanza upya upande wa hasi. Shilingi bilioni mbili na kitu si fedha nyingi kwa mnada wa korosho. Kwa bei yetu ya mfano, mpaka unavukwa ukishapita kilo 998,829, yaani hata tani 1,000 hazijatimia.

Andika kwenye `jshell`:

```
1200000 * 2150
```

Jibu sahihi ni 2,580,000,000. Java inakupa −1714967296, ambayo ni jibu sahihi toa 4,294,967,296. Mtu akiona alama ya kutoa kwenye jumla ya malipo atashtuka, na hiyo ni bahati. Sasa jaribu tani mara mbili:

```
2400000 * 2150
```

Inatoka 865032704. Haina alama ya hasi, ina tarakimu tisa, inaonekana kama fedha halali kabisa. Jibu sahihi lilikuwa 5,160,000,000. Hapa hakuna wa kushtuka, mpaka mhasibu alinganishe na taarifa ya benki.

Wengi wakigundua hili wanabadilisha kigeu cha kupokea:

```java
long malipo = kilo * bei;   // bado ni kosa
```

Haisaidii, kwa sababu ile ile: `kilo` na `bei` ni `int`, hesabu inafanyika kwa `int`, inazunguka, ndipo jibu bovu linapohamishiwa kwenye `long`. Unatakiwa kugusa upande mmoja wa alama:

```java
long malipo = (long) kilo * bei;
```

Au, bora zaidi, tangaza kilo na bei kuwa `long` tangu mwanzo, ndani ya klasi yenyewe. `long` inafika 9,223,372,036,854,775,807, na hakuna mnada utakaofika huko. Kwa namba uliyoiandika moja kwa moja weka `L` mwishoni: `1200000L * 2150`. Tumia herufi kubwa. `L` ndogo inafanana na moja. Ukiandika 3000000000 bila `L`, kompaila yenyewe itakataa na kusema `integer number too large`. Kwa kosa hili la kuvuka mpaka, hiyo ndiyo mara pekee inapokusaidia.

Ukitaka programu isimame badala ya kudanganya, Java 8 ilileta `Math.multiplyExact` na `Math.addExact`. Zikivuka mpaka hutupa `ArithmeticException: integer overflow`, au `long overflow` kwa namba za `long`. Kwa mstari wowote unaohusu malipo ya mtu, tunashauri uzitumie. Programu iliyosimama karani ataipigia kelele, na kosa litatafutwa siku hiyo hiyo.

## Skrini inaonyesha magunia 151

```java
System.out.println("Magunia: " + kilo / 80 + 1);
```

Kinachotoka ni `Magunia: 151`. Alama `+` ina kazi mbili: kujumlisha namba na kuunga maandishi. Upande mmoja ukiwa maandishi, inaunga. Hapa mgawanyo ulitangulia, ukatoa 15. Ikaungwa na "Magunia: " ikawa maandishi. Kisha 1 ikabandikwa baada ya 15. Weka mabano kwenye hesabu nzima, au vizuri zaidi ifanye kwenye mstari wake, uchape jibu peke yake.

Ndugu wa kosa hili hutokea kwenye fomu. Karani ameingiza 120 kwenye kisanduku kimoja na 35 kwenye kingine, jumla inasoma 12035. `getText()`, inayosoma kilichoandikwa kwenye kisanduku, hurudisha `String` (maandishi), hata kama kilichoandikwa ni tarakimu tupu. Geuza kwanza:

```java
int a = Integer.parseInt(kisanduku.getText().trim().replace(",", ""));
```

`trim()` na `replace` si mapambo. `parseInt` haikubali nafasi wala mkato wa maelfu. Ukiipa `1,250` inatupa `NumberFormatException: For input string: "1,250"`. Na kwa kuwa watu wetu huandika fedha kwa mkato, hiyo itatokea siku ya kwanza.

## Desimali zenye mkia, na uzito unaopungua njiani

Mizani ikisoma kilo 62.4, wengi wanaikimbilia `double`. Inafaa kwa vipimo vya kukadiria, haifai kwa kitu kitakacholipiwa. `double` hutunza namba kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haina umbo kamili kwenye mfumo huo, kama vile theluthi moja isivyo na umbo kamili kwenye desimali zetu. Ndiyo maana `0.1 + 0.2` inatoa 0.30000000000000004, na ukijumlisha 0.1 mara kumi unapata 0.9999999999999999. Ukiweka sharti `if (jumla == 1.0)`, halitatimia kamwe.

Kinachoumiza zaidi ni kukata. `4.35 * 100` ni 434.99999999999994, na `(int) (4.35 * 100)` ni 434. Moja imepotea bila kelele. Ukilazimika kugeuza, tumia `Math.round(4.35 * 100)`, inayokadiria badala ya kukata na kukurudishia 435.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kutotumia desimali kabisa. Uzito utunze kwa gramu, ndani ya `long`: kilo 62.4 ni 62400. Fedha itunze kwa shilingi nzima. Desimali irudi wakati wa kuchapa tu.

Palipo na asilimia yenye vipande, mfano 0.75%, tumia `BigDecimal`. Hii ni klasi, si aina ya msingi, na Java hairuhusu alama za hesabu kwenye obyekti zako. Ukiandika `a + b` kwa `BigDecimal` utaambiwa `bad operand types for binary operator '+'`. Unatumia methodi: `add`, `subtract`, `multiply`, `divide`. Matatizo yake yanajirudia sana:

Jumla haipandi. Umeandika `jumla.add(kiasi);` na kuishia hapo. `BigDecimal` haibadiliki, methodi inarudisha obyekti mpya, nawe umeiacha ipotee. Andika `jumla = jumla.add(kiasi);`.

Namba ina mkia vile vile. Umeunda kwa `new BigDecimal(0.1)`, ukaingiza `double` iliyokwisha kuharibika. Tumia alama za nukuu: `new BigDecimal("0.1")`.

Inaanguka kwenye kugawa na kusema `Non-terminating decimal expansion`. Kumi kugawa kwa tatu hakuishi. Iambie iishie wapi: `a.divide(b, 2, RoundingMode.HALF_UP)`.

Mbili zinazolingana zinaonekana tofauti. `equals` inahesabu 2.0 na 2.00 kuwa vitu viwili. Tumia `compareTo`, uangalie kama inarudisha 0.

Kuhusu kugawana fedha: shilingi 100,000 kwa watu watatu ni 33,333 kila mmoja, na `100000 % 3` inakuonyesha shilingi 1 iliyobaki. Shilingi hiyo iandikiwe mahali. Usiiache ipotee kwenye ukadiriaji, kwani vitabu visipofunga kwa shilingi moja mkaguzi atasimama hapo hapo.

## Stakabadhi imeandika 1.6856E7

Magunia 98 ya kilo 80 kwa bei yetu ni shilingi 16,856,000. Ikiwa ndani ya `double` au `float` (desimali yenye nafasi ndogo kuliko `double`), Java huchapa namba kuanzia milioni kumi kwa mtindo wa E. Mkulima hawezi kusoma hiyo na hatakiwi kuisoma. Kwa `long` tumia `String.format("%,d", malipo)`, kwa `double` ni `"%,.0f"`.

Kama ni `float`, tatizo ni kubwa kuliko sura. Juu ya 16,777,216 `float` haiwezi tena kutofautisha kila namba nzima. `16777216f + 1` inabaki 16777216. Ukijumlisha shilingi moja moja jumla inagoma kupanda. Toa `float` kwenye hesabu za fedha, bila mjadala.

## Programu inakufa asubuhi, mchana inafanya kazi

`ArithmeticException: / by zero`. Ripoti ya wastani imefunguliwa kabla gunia la kwanza halijapimwa, idadi ni 0. Weka sharti kabla ya kugawa: idadi ikiwa 0, onyesha nafasi tupu au ujumbe.

Ukibadilisha kuwa `double` ili "kutibu" hitilafu hii, umeificha tu. Sifuri kugawa kwa 0.0 ni `NaN` (yaani si namba), namba chanya yoyote kugawa kwa 0.0 ni `Infinity`, na hasi ni `-Infinity`. `NaN` inaambukiza kila hesabu inayoigusa, na haiwezi kukamatwa kwa `==`, kwa kuwa hailingani hata na yenyewe. Itambue kwa `Double.isNaN(x)`.

## Baki imekuwa hasi

Umepanga zamu nne za mizani, zenye namba 0 hadi 3, na unataka zamu iliyotangulia: `(zamu - 1) % 4`. Kwa zamu 0 unapata −1, na safu (array) inakataa: `Index -1 out of bounds for length 4`. Katika Java baki hufuata alama ya namba inayogawanywa. Tumia `Math.floorMod(zamu - 1, 4)`, itatoa 3. Kwa sababu hiyo hiyo, usipime namba witiri kwa `n % 2 == 1`; andika `n % 2 != 0`.

## Mabano yaliyosahauliwa, na alama zilizogeuzwa

`*`, `/` na `%` hutangulia `+` na `-`. Zenye ngazi moja huenda kushoto kwenda kulia. Bei 2,150, makato 150 kwa kilo, kilo 80: `bei - makato * kilo` ni −9,850. `(bei - makato) * kilo` ni 160,000. Kugeuza aina nako hutangulia kuzidisha: `(int) 3.7 * 2` ni 6, `(int) (3.7 * 2)` ni 7.

`jumla =+ kilo` haijumlishi. Inaweka kilo chanya ndani ya jumla, na kila mara unabaki na uzito wa gunia la mwisho. Kompaila haioni kosa. Ulitaka `+=`.

`+=` na `*=` nazo zina jambo la kuangalia. Ukiwa na `int bei = 2150`, mstari `bei = bei * 1.05` unakataliwa kwa `possible lossy conversion from double to int`. Ila `bei *= 1.05` unapita, na 2257.5 inakatwa kuwa 2257. Ufupi huo umebeba ugeuzaji wa aina usioonekana.

`2 ^ 3` ni 1. Alama hiyo hulinganisha biti, haipandishi kipeo. Kipeo ni `Math.pow`, na inarudisha `double`. Na usianze namba kwa sifuri ili safu zipangike vizuri: 010 kwa Java ni nane.

## Hesabu ni sahihi, obyekti si yenyewe

Umekagua kila alama, na bado kila mkulima anaonekana kuwa na jumla ya kijiji kizima. Tafuta neno `static` kwenye klasi ya mkulima. `static long jumla` ni moja kwa klasi yote, hivyo kila obyekti inaongeza kwenye chungu kimoja. Ondoa `static`, kila mkulima apate yake.

Kinyume chake, kilo zinabaki 0 kwa wote. Kwenye konstrakta (sehemu ya klasi inayounda obyekti) umeandika `kilo = kilo;`. Kigezo kimejipa thamani yake chenyewe, sehemu ya obyekti haikuguswa. Andika `this.kilo = kilo;`.

Na kama kilo ni `Integer` badala ya `int`, inaweza kuwa `null` (haina thamani yoyote), hasa inapotoka kwenye hifadhidata ambako karani aliacha nafasi wazi. Kuijumlisha kunatupa `NullPointerException` kwenye mstari usio na methodi yoyote, jambo linalochanganya wengi. Amua mapema nafasi tupu ina maana gani: haijapimwa, au imepimwa ikawa sifuri. Usiijaze sifuri kwa sababu tu inaondoa hitilafu.

## Namba za kujaribia

Kwa kila fomula ya magunia, pitisha 0, 1, 79, 80 na 81. Majibu yawe 0, 1, 1, 1 na 2. Kwa fomula ya malipo, pitisha kilo 0, kilo 998,829, kilo 998,830, kisha 2,400,000. Ya pili itoe 2,147,482,350, ya tatu 2,147,484,500, na ya nne 5,160,000,000. Fomula ikipita ya pili ikakwama ya tatu, rudi kwenye alama ya `*` utazame aina za pande zake mbili.